Kamera ya kashani si kamera mpya

Wiki iliyopita alinijia kijana na kamera ya marehemu babu yake. Imo ndani ya mkoba wake wa ngozi, mkoba umeviringishwa kanga, kanga imetiwa kwenye mfuko wa nailoni wa enzi zile, kabla mifuko haijapigwa marufuku. Hata shikamoo hajaimaliza: "Hii mpya hii, fundi. Haijaguswa tangu babu afariki. Ilikuwa kashani muda wote."

Nikamwambia afungue mwenyewe. Harufu ilitoka kabla ya kamera.

Maneno hayo ya "haijaguswa" nimeyasikia tangu Ramadhani mpaka nimechoka nayo. Vijana wamerudi kwenye filamu, na mimi nafurahi, maana kazi ilikuwa imekwisha. Lakini kila anayetafuta kamera ya zamani, ile ya kufokasi kwa mkono, keshaaminishwa kuwa iliyolala ndiyo nzima na iliyochubuka rangi ndiyo iliyochoka. Kwa hewa yetu hii ya Zanzibar mambo ni kinyume kabisa. Niwekee kamera mbili za umri mmoja: ile iliyolika pembe kwa kubebwa nitainunua haraka, na ile inayong'aa iliyotoka kashani nitaitazama nusu saa, kisha mara nyingi nitamrudishia mwenyewe.

Dhahabu ukiifungia miaka thelathini unaikuta ilivyo. Kamera ukiifungia miaka thelathini unakuta imeshahamiwa. Mbegu za fangasi zimo hewani kila mahali, Malindi, Ng'ambo, Wete, hata humu dukani mwangu. Zinachongojea ni unyevu, giza, hewa isiyotembea na kitu cha kula. Unyevu ukikaa juu ya asilimia 60 hivi kwa muda mrefu, zinaanza kuota, na sisi masika nzima tunaishi juu ya hapo. Giza na hewa iliyolala ndilo kasha lenyewe. Chakula ni mafuta ya vidole, vumbi, na gundi inayoshikanisha vioo. Halafu mtu anaongeza mkoba wa ngozi, unaokunywa maji ya hewani na kuyakalisha pembeni ya lenzi mwaka hadi mwaka. Ukitaka kufuga fangasi kwa makusudi, hutapata zizi zuri zaidi ya hilo.

Nikaichomoa lenzi, nikafungua tundu lake la kupitishia mwanga hadi mwisho, nikawasha tochi ya simu nyuma yake na kumpa aangalie kwa upande. Akanyamaza. Ndani, kwenye kioo cha pili, nyuzi nyeupe zilikuwa zimetambaa kutoka ukingoni kwenda katikati, mithili ya mizizi ya mkoko.

"Si vumbi hili? Ukilifuta linatoka."

Aa, wapi. Vumbi ni nukta. Utando ni kama pumzi iliyoganda juu ya kioo. Fangasi ina matawi. Na haikai tu pale, inatoa asidi, asidi inakula lile tabaka la kuzuia mng'ao lenye rangi rangi, kisha inaanza kioo chenyewe. Ikiwa changa nafungua lenzi, nasafisha, mambo yamekwisha. Ikishakula, nitaziondoa nyuzi lakini alama zake zitabaki, na kila ukipiga picha kuelekea mwanga itatoka na maziwa maziwa. Anayekwambia ana dawa ya hilo anaitaka pesa yako.

Hilo ni la lenzi. La bodi, yaani mwili wa kamera, halionekani kwa tochi. Ndani ya shata, lile pazia linalofunguka kuipa filamu mwanga, kuna springi na magurudumu madogo yenye mafuta kidogo mno, na mafuta yasiyosogezwa hugeuka gundi. Tukaweka mwendo wa sekunde 1, nikabonyeza. Kamera iliyo hai hapo utasikia mvumo mwembamba wa magurudumu, halafu mlio wa kufunga. Hii ilifunguka ikabaki wazi. Nilikuwa nimeshaagiza kahawa ilipokumbuka kujifunga. Nilipofungua mlango wa nyuma, zile sponji nyeusi zinazozuia mwanga ziliniganda kidoleni kama lami. Sponji hazinitishi, ni kazi ya saa moja na bei yake ndogo. Shata iliyoganda ni kuifungua bodi yote.

Na kilichoniuma ni hiki: wiki mbili kabla, kijana huyo huyo alikuwa ameonyeshwa hapa Pentax K1000 ya mteja wangu. Imechubuka mpaka shaba inaonekana, mwenyewe bado anaipigia picha kila Ijumaa. Akaikataa kwa kuwa "imetumika sana." K1000 ilitengenezwa tangu 1976 hadi 1997, haina mapambo, na shata yake haitaki betri hata kidogo. Kutumika sana ndiko kulikoiweka hai. Kila ukikokota na kubonyeza, mafuta yanatembea. Kila ukiitoa nje, lenzi inapata mwanga na hewa. Mji huu umezoea kamera zamani, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na mpiga picha wa studio wa siku hizo alikuwa hana nafasi ya kulaza kamera: leo harusi, kesho pasipoti.

Sasa, mtu akishanisikia hivyo huja na dawa za nyumbani. "Basi nitaiweka na karafuu." Karafuu itakuletea harufu nzuri, haikaushi hewa. "Nitaitia kwenye mchele." Mchele una unga, na unga ni chakula tena. Nunua kopo la plastiki lenye mfuniko wa mpira unaobana, tia pakiti za silika, zile zinazonyonya unyevu, na uzikaushe zikishajaa maji, na mkoba wa ngozi utundike ukutani uwe pambo. Halafu kila wiki kamera itoe, izungushe pete zote, ibonyeze kwa kila mwendo, hata bila filamu. Dakika tano.

Hayo ndiyo makubwa. Yaliyobaki nitayapitia haraka maana yananichosha kidogo tu.

"Lazima lenzi iwe f/1.4, hiyo ya f/2 ni ya kimaskini." Namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Haya, twende ufukweni Paje saa saba mchana na filamu ya ISO 400. Jua kali linataka f/16 na shata ya 1/500 hivi, na kwa mchanga ule mweupe pengine hata f/22. Ili utumie f/1.4 yako hapo ungehitaji shata ya 1/64,000 hivi. K1000 inaishia 1/1000. Umelipia tundu ambalo jua letu halikuruhusu kulifungua. Kwa mambo ya usiku Forodhani, sawa, itakufaa. Vinginevyo nunua ya milimita 50 ya f/1.8 au f/2, nyepesi, na pesa inayobaki tia kwenye filamu. Kitu cha kuogopa kwenye tundu ni mafuta juu ya mapanga yake, vile vibati vinavyolifunga na kulifungua. Joto letu hulainisha grisi ya pete ya fokasi ikashuka mpaka huko, mapanga yakawa mazito, yakachelewa kujifunga, na picha zikaungua kwa mwanga bila wewe kujua kwa nini. Yafungue na uyafunge mara kumi ukiyatazama. Yaruke, yasitambae.

"Kuna adapta, lenzi yoyote inaingia bodi yoyote." Kuingia itaingia. Zenit za Usovieti na Praktica za zamani za Ujerumani Mashariki, nchi iliyotujengea nyumba za Kikwajuni, lenzi zao nyingi ni za skurubu ya M42, na zinataka kukaa milimita 45.46 kutoka kwenye filamu. Bodi ya Nikon inaiweka lenzi milimita 46.5. Ni milimita moja na kitu, na hiyo inatosha: cha karibu utakipata, lakini jahazi lililo mbali baharini halitakaa kwenye fokasi maisha. Adapta yenye kioo ndani hurekebisha hilo, na kioo chenyewe kinakuharibia lenzi nzuri uliyoitafuta. Helios yako, lenzi ya Zenit, iweke kwenye bodi ya M42 ilikozaliwa. Na mwenye lenzi ya Nikon ya kabla ya 1977 asiilazimishe kwenye bodi za baadaye bila kuniuliza, kuna kiulimi pembeni ya mdomo wa bodi ambacho huvunjika.

"Kipima mwanga kimekufa, basi kamera imekufa." Inategemea ni ipi. Canon AE-1 ya 1976 bila betri hata haibonyezeki, kwa hiyo pale betri ni uhai. K1000 au Nikon FM kipima mwanga kikifa unapoteza sindano au vitaa vyake tu. Jua la hapa halibadiliki badiliki, ukishika kanuni ile ya f/16 niliyoitaja, mchana huhitaji kipima mwanga.

"Lenzi imegeuka manjano, itupe." Msitupe, niletee mimi. Super-Takumar ya 50mm f/1.4 katika toleo lake la baadaye ina kioo chenye thoriamu, madini ya mionzi, na kioo hicho hugeuka manjano kwa uzee. Iweke dirishani ipigwe jua wiki kadhaa, peke yake, isiwe kwenye bodi, na chini yake pasiwe na kitu cha kuungua. Inarudi.

Kijana wangu alikaa barazani muda, kamera ya babu mapajani. Nikamwambia bodi hiyo nitamfungulia kwa heshima ya marehemu, lenzi sina ahadi nayo. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama ile K1000 bado ipo. Nikampigia mwenyewe. Alipokea akiwa Jambiani, upepo umejaa kwenye simu. Anasema kamera ina filamu ndani, asubiriwe kwanza amalize picha kumi na mbili zilizobaki.