Je, wajua kwa nini televisheni ya inchi 55 ni nafuu kuliko unavyodhani?

Zunguka maduka ya Kariakoo ukiuliza bei za televisheni, kisha kaa chini upige hesabu, na utaona jambo la kushangaza. Kutoka inchi 43 kwenda 55 bei inapanda, ndiyo, lakini haipandi kwa kiasi ambacho kioo kimeongezeka. Mteja anaongeza pesa kidogo, anaondoka na televisheni inayojaza ukuta. Nani amegharamia ile tofauti?

Tuanze na inchi zenyewe, maana hapo ndipo wengi tunapopotea. Inchi za televisheni hazipimwi kwa upana. Zinapimwa kutoka kona ya chini hadi kona ya juu ya upande wa pili, tena kioo kinachowaka tu, bila fremu. Desturi hiyo ilianza na televisheni za chogo za mwanzo kabisa: mirija yake ya kwanza ya picha ilikuwa ya duara, ikatajwa kwa kipenyo chake, na mirija ilipopata pembe nne kipimo kikabaki cha kona kwa kona. Matokeo yake ni kwamba namba inatudanganya. Inchi 55 haionekani mbali sana na 43 ukiitaja kwa mdomo. Lakini 43 ina upana wa sentimita 95 na kimo cha 54, na 55 ina upana wa sentimita 122 na kimo cha 68 au 69. Eneo la picha limeongezeka kwa zaidi ya asilimia 60. Ukilinganisha na inchi 32, 55 ni karibu mara tatu.

Kuna hesabu ndogo ya kufanya dukani kwa simu yako. Zidisha inchi kwa inchi, kisha gawa bei kwa jibu. Tuseme 43 inauzwa shilingi 700,000 na 55 inauzwa 1,000,000. 43 mara 43 ni 1,849, na 55 mara 55 ni 3,025. Ya kwanza inakugharimu kama shilingi 379 kwa kila kipande cha eneo, ya pili 331. Kubwa ndiyo rahisi. Fanya hesabu hiyo kwa bei halisi utakazoambiwa, na ndani ya dakika mbili utajua duka hilo lina unafuu kwenye inchi ngapi.

Sasa sababu yake. Kioo cha televisheni hakitengenezwi kimoja kimoja. Kiwandani kunaandaliwa bamba moja kubwa sana la kioo, tuliite kioo mama, kisha linakatwa vipande. Ni kazi ileile ya fundi cherehani mbele ya jora: faida yake iko kwenye namna anavyopanga mashati ili vitambaa vya kutupa vibaki vichache. Viwanda vinavyoitwa vya kizazi cha 8.5, ambavyo vingi vimejengwa zaidi ya miaka kumi iliyopita, hutumia kioo mama chenye mita 2.2 kwa 2.5. Chukua karatasi uchore. Vioo vya inchi 55 vinaingia sita, mistari mitatu ya viwili viwili, na kinachobaki hakifiki hata sehemu moja ya kumi. Ni kama vile kioo mama kilizaliwa kwa ajili ya inchi 55.

Jaribu kuchora 65 juu ya kioo hichohicho. Vinaingia vitatu tu, na zaidi ya theluthi moja ya kioo inabaki pembeni. Kiwanda kinalazimika kuchomeka vioo vidogo kwenye mabaki, au kukubali hasara. Ndiyo maana kwa miaka mingi bei ilikuwa ikipanda taratibu hadi 55, halafu ikaruka. Hali ilibadilika pale kampuni ya BOE ya China ilipoanza uzalishaji mkubwa katika kiwanda chake cha Hefei mwaka 2018, kiwanda cha kwanza duniani cha kizazi cha 10.5. Kioo mama cha pale kina mita 2.94 kwa 3.37. Hicho kinatoa 65 nane, au 75 sita. Kampuni nyingine zikafuata, na tangu hapo 65 na 75 zimekuwa zikishuka bei hadi kufikia watu ambao zamani wasingezitazama mara mbili.

Jambo la pili ni vile vitu vinavyobaki vilevile. Rimoti ya 43 na ya 55 ni moja. Bodi ya umeme inafanana, bodi ya picha inafanana, programu ni ileile. Ukubwa unaongeza kioo, taa, fremu, boksi na nafasi melini. Vingine vyote umeshavilipia hata ukichukua ndogo.

Jambo la tatu wengi hawalijui: baadhi ya watengenezaji wanaendelea kupata pesa baada ya wewe kuondoka dukani, kwa matangazo yanayotokea kwenye ukurasa wa mwanzo na kwa taarifa za unachotazama. Nchini Marekani, mwaka 2017, kampuni ya televisheni ya Vizio ilikubali kulipa dola milioni 2.2 baada ya mamlaka kuituhumu kukusanya taarifa za utazamaji kwenye televisheni milioni 11 bila ridhaa ya wenyewe. Mwishoni mwa 2024 Walmart, kampuni kubwa ya maduka ya hukohuko, ikainunua kampuni hiyo kwa dola bilioni 2.3, na biashara ya matangazo ilikuwa sababu kubwa iliyotajwa. Kwa hiyo unapowasha televisheni mpya na kuulizwa maswali mengi ya kukubali, usibonyeze tu ndiyo, ndiyo, ndiyo. Soma, na kataa yale ya kufuatiliwa.

Hizo ndizo sababu njema na zisizo njema sana. Ipo nyingine, na hii ndiyo iliyonifanya niandike.

Shemeji yangu wa Tabata alikusanya pesa zake za mchezo akaenda kununua televisheni. Alikuwa na kiasi cha kutosha 55 ya jina linalojulikana. Muuzaji akamwonyesha 65 ya jina ambalo hajawahi kulisikia, bei hiyohiyo. Alinipigia simu kwa furaha: "Shemeji, nimepata kubwa kwa pesa ya ndogo!" Sikuwa na la kusema, nilifurahi naye. Baada ya mwaka na miezi kidogo ikawa inatoa sauti bila picha. Taarifa ya habari anaisikia, lakini kioo cheusi.

Fundi alipoifungua hakushangaa. Alituzimia taa ya sebuleni, akawasha tochi ya simu akaisogeza karibu na kioo, na mle gizani tukaona watu wanatembea. Picha ilikuwepo muda wote. Kilichokufa ni taa za nyuma.

Kioo cha televisheni nyingi, iwe boksi limeandikwa LED au QLED, hakijiwakii chenyewe. QLED ni kioo cha aina ileile kilichoongezewa utando wa kuboresha rangi. Nyuma yake kuna mistari ya taa ndogo za LED, na ndizo zinazoleta mwanga. Taa ni gharama, na ni gharama isiyoonekana dukani. Mtengenezaji anayetaka kuuza 65 kwa bei ya 55 anaweza kupunguza idadi ya taa, akaweka lenzi juu ya kila moja ili mwanga utawanyike, halafu akazisukuma kwa umeme mwingi ili kioo king'ae. Zinachemka. Tena zimeungwa kwa kufuatana, moja nyuma ya nyingine. Ikikatika moja, saketi inajifunga na zote zinazima. Fundi alibadilisha mistari yote, akapunguza na umeme unaokwenda kwenye taa. Picha imepoa kidogo, lakini inawaka hadi leo.

Kwa hiyo rai yangu kwa mwenye bajeti ndogo ni hii: pesa ikilingana, chukua ndogo yenye taa nzuri, usichukue kubwa yenye taa chache. Na huhitaji kuifungua ili ujue. Mwombe muuzaji aweke picha nyeupe tupu au ya kijivu, iwe hata picha uliyoihifadhi kwenye flashi. Rudi nyuma hatua mbili. Ukiona madoa ya mwanga na vivuli kati yake, au kona nyeusi kuliko katikati, taa ni chache au zimepangwa vibaya. Video za samaki na maua zinazochezwa dukani huficha yote hayo. Ndiyo kazi yake.

Ukiwa hapohapo, sogea pembeni, kama vile umekaa kwenye mkeka karibu na mlango. Kuna vioo ambavyo weusi wake ni mzito na mzuri ukikaa mbele, lakini ukienda upande rangi zinapauka kabisa. Vingine weusi wake ni wa kijivujivu, ila vinaonekana vilevile kutoka kila upande. Wanaoandika ushauri wa televisheni mara nyingi husifu vile vya kwanza, kwa kuwa wanamfikiria mtu mmoja kwenye kochi moja. Sebule zetu hazikai hivyo. Makochi yamezunguka kuta tatu, watoto wako chini, na siku ya Simba na Yanga jirani amesimama dirishani. Kwa nyumba ya namna hiyo mimi ningechagua kioo kinachoonekana vizuri kutoka pembeni, hata kama weusi wake si mzito.

Ukubwa gani basi? Pima nyumbani kabla hujatoka, kutoka kichwa cha anayekaa kwenye kochi hadi ukutani. Kipimo kinachotumiwa sana ni picha ijaze pembe ya nyuzi 30 machoni, na hapo 43 inataka umbali wa karibu mita 1.8, 55 inataka mita 2.3, na 65 mita 2.7. Ukikaa mbali zaidi hakuna kinachoharibika, ila picha inaonekana ndogo. Kwenye chumba kimoja cha kupanga, ambapo kitanda na televisheni vinatazamana kwa mita mbili, 43 inatosha kabisa.

Umbali huohuo ndio unaoamua kama 4K, yaani kioo chenye nukta nyingi zaidi za picha, ina maana kwako. Jicho zima hutenganisha nukta mbili hadi kiwango fulani tu. Kwenye 55 ya Full HD, yenye nukta 1,920 kwa 1,080, ukikaa zaidi ya mita 2.2 huwezi tena kuona nukta moja moja. Kwa anayekaa mita tatu, 4K na nukta zake milioni 8.3 haimwongezei mengi. Inchi 55 nyingi zinazouzwa sasa ni 4K tu, kwa hiyo huna haja ya kuikwepa. Usikubali tu kuongezwa bei kwa sababu ya namba kubwa zaidi ya hapo. Pa kuwa macho ni 43 za bei ya kutupa, maana baadhi yake ni HD ya kawaida, nukta 1,366 kwa 768. Hizo ukikaa karibu utaziona nukta. Soma namba zenyewe kwenye boksi au kwenye maelezo ya nyuma.

Tena picha inayoingia ni muhimu kuliko kioo. Nimeingia nyumba nyingi zenye televisheni mpya kubwa, na king'amuzi kimeunganishwa kwa zile waya tatu za njano, nyekundu na nyeupe. Waya ya njano inapitisha mistari 576 tu, ubora wa enzi za chogo, halafu mwenye nyumba analalamika kwamba wachezaji hawana sura. Kama king'amuzi chako ni cha HD, nunua waya ya HDMI, kisha ingia kwenye mipangilio ya king'amuzi uchague 1080. Hakuna pesa ndogo itakayokuletea mabadiliko makubwa kama hiyo.

Kuhusu intaneti na programu za ndani, nitasema kwa kifupi: huo ubongo ndio unaozeeka kwanza. Kumbukumbu ya GB 1 itachoka mapema. Kioo kizuri chenye ubongo mzito kinaweza kusaidiwa baadaye kwa kifaa kidogo cha kuchomeka nyuma, lakini kioo kibaya hakina dawa, kwa sababu kukibadilisha kunakaribia bei ya televisheni nyingine.

Ukishachagua, pima kona kwa kona kwa tepu. Inchi 55 ni sentimita 139.7, nyingine zinapungua kidogo kama sentimita moja. Ikipungua zaidi ya hapo, hiyo si 55. Iwashwe mbele yako, jaribu kila tundu la HDMI, na garanti iandikwe kwenye risiti pamoja na namba ya televisheni yenyewe. Njiani isimamishwe wima, isilazwe hata kama dereva wa bajaji anasema hakuna shida, kwa sababu kioo kikilala kinapinda kwa uzito wake kila gurudumu linapoingia shimoni, na ufa wa safarini hauingii kwenye garanti.

Ukifika nyumbani tafuta kwenye mipangilio ya picha neno "Backlight". Mara nyingi kiwandani limewekwa juu ili televisheni ing'ae dukani. Lishushe hadi 60 au 70 hivi kati ya 100, na usiku unaweza kwenda chini zaidi. Shemeji yangu ameliweka 50. Siku ya kwanza alisema picha imefifia. Siku ya tatu nilipomuuliza, alikuwa ameshasahau kwamba iliwahi kuwa zaidi ya hapo.