Je, wajua "kilowati kwa saa" inavyotuchanganya?

Ukinunua LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, ya uniti 20, unanunua nini hasa? "Umeme," wengi watajibu, na hawajakosea. Lakini mwambie mtu kwamba uniti moja ni "kilowati kwa saa" na hapo ndipo kizaazaa huanza, maana lugha yenyewe inatutega. Tukisema bodaboda inakwenda kilomita 60 kwa saa, tunataja mwendo. Basi sikio likisikia "kilowati kwa saa" hudhani nayo ni mwendo. Sivyo. Mwendo ni kilowati peke yake. Hiyo saa imezidishwa, haikugawanya. Mimi huandika kilowati-saa, kwa kistari, ili lisisomwe vibaya.

Ligeuze birika la umeme uangalie kitako chake. Limeandikwa W 2000, yaani kilowati 2. Hiyo ni kasi yake ya kula umeme, nayo ni ileile hata ukiliwasha kwa sekunde moja tu. Lita moja ya maji huchemka kwa kama dakika tatu, ambazo ni sehemu moja ya ishirini ya saa. Kilowati 2 kwa muda huo ni sehemu moja ya kumi ya uniti. Taa ya LED ya wati 9 itakaa saa 111 ndipo imalize uniti nzima, kwa hiyo anayekimbilia kuzima taa ya sebuleni huku hita ya bafuni inawaka anajifariji tu.

Na uniti moja si haba. Ni jouli milioni 3.6, jouli ikiwa kipimo cha nishati au kazi. Nyanyua gunia la mahindi la kilo 100 kutoka chini hadi kimo cha mita moja, kwenye bodi la lori: umefanya kazi ya jouli 981. Ili ifike uniti moja, magunia yanayopanda yawe karibu 3,670. Waulize wapakiaji wa sokoni watakutoza kiasi gani, halafu urudi kulalamikia bei ya umeme.

Tukitoka nyumbani tukaenda bwawani, ni sufuri tu zinazoongezeka: megawati ni kilowati 1,000, gigawati ni megawati 1,000. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lina mitambo tisa, kila mmoja megawati 235, jumla 2,115. Utasikia mtu anasema linazalisha "megawati 2,115 kwa siku". Kwa siku ya nini? Ni kama kusema gari lina mwendo wa kilomita 100 kwa saa kila siku. Mitambo yote tisa ikizunguka kwa nguvu zake zote, saa moja inatoa uniti 2,115,000. Hizo zinatosha kaya 28,200 kwa mwezi mzima, kila kaya ikitumia uniti 75.

Ila niliandika "ikizunguka". Mwaka una saa 8,760. Zidisha kwa megawati 2,115 upate zaidi ya gigawati-saa 18,500. Makadirio ya bwawa lenyewe ni karibu 6,000 tu kwa mwaka, yaani kama theluthi. Hakuna aliyeiba kitu hapo. Maji ya Rufiji hupanda na kushuka kwa majira, na mitambo hufuata mahitaji ya wateja. Hata kule karibu na Ziwa Turkana, Kenya, penye mashine za upepo 365 za kilowati 850 kila moja, ile jumla ya megawati 310 hupatikana pale tu upepo unapokubali.

Tena gridi haina ghala kubwa la kuwekea akiba. Umeme unaozalishwa sekunde hii unatakiwa kutumika sekunde hii. Machi 2024, mvua zikiwa nyingi na mtambo wa kwanza wa Nyerere umeshaingia kazini, Tanesco, shirika la umeme la Tanzania, ilizima vituo vitano vya umeme wa maji kwa sababu umeme ulizidi mahitaji. Kwenye makaratasi, vituo hivyo havikupungukiwa hata megawati moja. Uniti zilizotoka humo wakati vimezimwa zilikuwa sufuri.