Nesi na Mgonjwa Aliye Sakaratini: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Mama mkubwa alilazwa Lamu kwa saratani ya mlango wa kizazi, nami nilikesha naye siku tisa za mwisho. Jamaa na majirani walipita pale kitandani, na kila aliyepita aliacha neno lake juu ya manesi. Mengi hayakuwa kweli, na mengine yalikaribia kumwongezea mgonjwa mateso.

"Mofini ndiyo iliyommaliza."

Hili nililisikia mpaka matangani. Mofini ya maji, dawa ya kutuliza maumivu makali, hunywewa kila baada ya saa nne kwa sababu nguvu yake haidumu zaidi ya hapo. Huanzwa kidogo, ikapandishwa kadiri maumivu yanavyodai, na ikipimwa hivyo haimuui mtu. Usingizi wa siku za mwanzo hupungua mwili ukishaizoea, na mara nyingine ni deni tu la mgonjwa ambaye hajalala wiki nzima. Kinachosumbua kweli ni kufunga choo, ndiyo maana nesi makini huleta na dawa ya kulainisha bila kuombwa. Pwani yetu imeumizwa na unga wa kulevya, kwa hiyo naielewa hofu ya watu. Lakini anayetulizwa maumivu ya saratani kwa kipimo si teja.

Mjomba alimkabili nesi wa usiku: "Mwamtilia sumu dada yangu?" Nesi hakukasirika. Alimpa kikombe cha dawa akishike, akamwonyesha alama ya mililita, akamwambia, "Baba, nitarudi saa kumi alfajiri. Kaa umwangalie uso." Mjomba akakaa. Ilipokaribia saa kumi, paji la uso la dada yake likaanza kukunjamana, vidole vikaikamata shuka. Kuanzia usiku uliofuata mjomba ndiye aliyekuwa akihesabu saa.

"Asipokula atakufa kwa njaa."

Mwili unaokaribia mauti hauhitaji tena chakula kama zamani. Koo nalo hulegea, na uji wa kulazimishwa huweza kuingia njia ya pumzi ukampalia. Mgonjwa hafi kwa kuacha kula. Ameacha kula kwa kuwa anakufa. Kulikubali hili ni kazi ngumu kwetu sisi, ambao mapenzi tunayaonyesha kwa sahani. Bibi jirani alikuja na chupa ya uji, akawa anasihi, "Mpe mai, mwanangu, mpe mai." Nesi alimletea pamba na bakuli la maji safi, akamfundisha kulowesha midomo na kufuta ulimi, kisha kupaka mafuta kidogo ili ngozi isipasuke. Bibi aliifanya kazi hiyo hadi magharibi, wala hakuutaja uji tena.

"Asiambiwe, atavunjika moyo."

Mama mkubwa alikwisha jua. Alimwuliza nesi kama atapona, naye akavuta kiti, akakaa, akamrudishia swali: "Wewe waonaje, mama?" Wakazungumza taratibu mpaka ukweli ukasemwa. Siku ile ile alitaja deni lake la dukani, akaomba radhi kwa shemeji waliyenuniana miaka, akausia. Wasia katika Uislamu hauvuki theluthi ya mali, na mrithi hausiwi. Hayo yanataka akili timamu na muda. Tukamtumia salamu mwanawe aliyekuwa Kizingitini, kisiwani Pate. Huko hutoki saa utakayo, maana mkondo wa Mkanda, njia ya mashua ya kuja Lamu, ni mgumu kupita maji yakipwa. Tungeficha siku mbili zaidi, asingewahi.

"Tiba shufaa ni kukata tamaa."

Sivyo. Tiba shufaa ni kumtuliza mgonjwa maumivu na mateso mengine ya ugonjwa mzito. Cicely Saunders, aliyeanza kama nesi kabla ya kuwa daktari, alifungua hospisi yake, nyumba ya kuwatunza walio karibu na mauti, London mwaka 1967 akishikilia kwamba maumivu ya mtu ni ya mwili, ya moyo, ya jamaa na ya roho kwa pamoja. Nairobi Hospice ilianza 1990. Huduma hii humfaa pia mgonjwa wa moyo, figo au Ukimwi, na huweza kwenda sambamba na matibabu mengine.

"Wamezoea vifo, hawana moyo."

Nilimkuta yule nesi nyuma ya pazia akijifuta macho. Dakika chache baadaye alikuwa kitanda cha tano akipima presha.

"Hasikii tena."

Mwaka 2020 watafiti wa Kanada walichapisha vipimo vya mawimbi ya ubongo vya wagonjwa wa hospisi waliokuwa hawaitikii katika saa zao za mwisho. Ubongo wa baadhi yao uliipokea sauti karibu kama wa mtu mzima wa afya. Nesi wetu, Mkristo kutoka bara, alizungumza na mama mkubwa hadi mwisho: "Mama, nakugeuza ubavu wa kulia." Mama mkubwa alipoanza kukoroma kooni, nesi alitueleza kuwa ni makohozi asiyoweza kumeza, na kwamba sauti ile hututesa sisi kuliko yeye.

Mwanawe alifika usiku, suruali imelowa hadi magotini, akasimama miguuni pa kitanda asijue la kufanya. "Mama, mwanao amefika," nesi alisema. Kisha akamgeukia kijana: "Sogea sikioni, baba. Mtamkie shahada, polepole."

Akaitamka mara moja, akamshika mkono.