Je, wajua kwa nini mionzi ya kansa humkausha mtu mate, na kama yanaweza kurudi?

Pita sokoni Darajani uone embe mbichi limekatwa limetiwa chumvi na pilipili, hujalionja bado mdomo ushajaa maji. Kazi hiyo ni ya tezi za mate, kubwa ni jozi tatu, mbele ya masikio, chini ya taya na chini ya ulimi, halafu kuna vidogo mamia vimetapakaa kinywani, na kwa siku mtu mzima hutoa kama nusu lita mpaka lita moja na nusu.

Sasa mtu katoka Unguja kapelekwa hospitali ya kansa ya Ocean Road kule Dar, kapigwa mionzi ya kansa ya koo, kapona alhamdulillahi, lakini akirudi nyumbani boflo haimpiti mpaka aitose kwenye chai, na usiku anaamka ulimi umegandana na kaakaa. Sababu ni kwamba tezi zipo jirani na pale panapopigwa, na seli zake ni dhaifu mno kwa mionzi. Hapo pana kitendawili, maana mionzi kawaida huua seli zinazojigawa harakaharaka na hizi za mate hujigawa polepole tu, lakini mate hupungua tangu wiki za mwanzo za matibabu. Zikishakufa hubaki vifereji, na vifereji ni vya kupitishia tu, kutoa maji haviwezi.

Basi watafiti wa Kimarekani, akina Bruce Baum, wakasema hivyo vifereji vilivyobaki si tuvifundishe kutoa maji? Kuna protini inaitwa akwaporini, ni mlango wa maji kwenye ukuta wa seli, aliyeigundua, Peter Agre, alipewa Nobeli ya kemia 2003. Wakachukua jeni yake wakaipakia kwenye virusi vilivyolemazwa, wakaipitisha kwenye tundu la tezi lililo ndani ya shavu. Ukipitisha ulimi upande wa meno ya juu, mkabala na gego la pili, utalikuta kama kichuguu kidogo. Majibu yalitoka 2012, wagonjwa 11, sita mate yakaongezeka na watano kati yao wakasema wenyewe kweli tumepata nafuu. Si haba, ila watu 11 ni wachache mno, tusianze kutangaza dawa.

Uholanzi na Denmark nao wanahangaika na seli shina, yaani seli changa zinazoweza kuzaa seli nyingine, ili tezi zifufuke. Mie naona kinga ndiyo imefika mbali zaidi, maana mashine mpya zinachonga miale ikwepe tezi, na utafiti wa Uingereza wa 2011 ulionesha baada ya mwaka wenye ukavu wa kati hadi mkubwa walikuwa asilimia 38, kwa mionzi ya zamani 74.

Kwa aliyekwishakauka kuna vidonge vya pilokapini, vinasaidia kama tezi haijafa yote, lakini jasho utalitoa hilo! Na kabla ya kupanda boti kwenda kupigwa mionzi mtu apitie kwa daktari wa meno kwanza, maana bila mate meno huoza upesi na kung'oa jino kwenye taya lililopigwa mionzi ni hatari, kidonda kinaweza kisifunge.