Malezi ya Muda ya Mbwa Waliookolewa: Mlezi Anakabidhiwa Dhamana, Hapewi Umiliki

Kitengo chetu cha ustawi wa wanyama kimekuwa kikipokea malalamiko mengi kuliko kawaida kutoka kwa watu waliojitolea kulea mbwa waliookolewa, na anayeyasoma kwa utulivu ataona kwamba karibu yote yanatoka kwenye shina moja. Mlezi alikabidhiwa mbwa kwa muda, akampenda, mbwa naye akamzoea, kisha kituo cha kuokoa wanyama kilichomkabidhi kikamwandikia kumtaka amrudishe au amlete akutane na familia iliyoomba kumwasili, yaani kumchukua awe wao wa kudumu. Mlezi akahisi amenyang'anywa. Wapo waliofika ofisini na risiti za chakula walichonunua, kana kwamba risiti hizo ni hati ya umiliki. Tunathamini wema wao, na bila wao vituo vingi vingelazimika kukataa kupokea wanyama, lakini ni lazima ielezwe bila kuzunguka kwamba malezi ya muda ni dhamana, na mwenye dhamana hauzi, hagawi wala hamhamishi mbwa kwa uamuzi wake mwenyewe.

Sababu ya msimamo huu ni ya kisheria kabla ya kuwa ya kiutawala. Mbwa aliyeokotwa akizurura huenda ana mwenyewe anayemtafuta, na kwa kawaida sheria au kanuni za mahali huweka muda maalumu wa kumsubiri ajitokeze, muda ambao kituo hutibu na kulisha tu bila kuwa na mamlaka ya kumtoa mbwa huyo moja kwa moja. Mbwa aliyeondolewa kwa mtu anayetuhumiwa kumtesa ana hadhi nyingine kabisa, kwa kuwa yeye ni kielelezo cha ushahidi: uzito wake, makovu yake na kasi ya kupona kwake hurekodiwa kwa tarehe ili viwasilishwe pale vitakapohitajika. Mlezi anayechapisha picha za mbwa wa namna hii mitandaoni na kumtaja anayetuhumiwa hamsaidii mbwa. Anampa mtuhumiwa hoja ya kujitetea. Ni yule tu ambaye mwenyewe wake amemkabidhi kwa maandishi, au ambaye muda wa kusubiriwa umepita, anayeweza kuasiliwa bila kikwazo. Kwa kuwa mlezi haelezwi kila mara mbwa wake yuko katika kundi lipi, ni busara amchukulie kila mmoja kama aliye chini ya masharti mazito zaidi.

Pamoja na masharti hayo, faida ya malezi ya muda haina ubishi. Mabanda ya saruji hurudisha mwangwi, na kelele za mbwa wengi wakibweka pamoja zinaweza kupita desibeli 100, kiwango ambacho mfanyakazi wa kiwandani angetakiwa kuvaa vizuia sauti. Utafiti uliofanyika katika vituo 5 vya Marekani na kuchapishwa mwaka 2019 ulipima homoni ya kotisoli katika mkojo wa mbwa kabla, wakati na baada ya kulala katika nyumba ya mlezi kwa usiku mmoja au miwili, na ukaonyesha kwamba kiwango cha homoni hiyo ya msongo hushuka mbwa akiwa nyumbani, kisha hupanda tena akirudi bandani. Hakikuzidi kile cha mwanzo, jambo linalowajibu wale wanaodai kwamba kumtoa mbwa kwa siku chache na kumrudisha ni kumtesa zaidi. Nyumbani pia ndipo zinapojulikana tabia ambazo banda huzificha: kama anaogopa ngazi, kama anavumilia paka, kama hulia akiachwa peke yake. Taarifa hizo ndizo tunazomwomba mlezi aziandike kila wiki katika fomu ya maendeleo, na fomu inayorudishwa ikiwa na maneno "yuko vizuri" haitusaidii chochote.

Sasa tuje kwenye karantini, eneo ambalo dhana potofu zimezidi kiasi cha kuchosha. Mlezi mwenye mbwa wake wa zamani hutakiwa kumtenga mgeni kwa siku 14, katika chumba tofauti, akiwa na vyombo vyake, matandiko yake na sehemu yake ya kujisaidia. Jibu tunalopewa mara nyingi ni kwamba mbwa alichanjwa kituoni jana na kwa hiyo hana tatizo. Chanjo ya jana haijajenga kinga leo, na haiondoi maambukizi ambayo mbwa alikuwa nayo kabla ya kuchomwa sindano. Virusi vya parvo vinaweza kukaa mwilini hadi wiki mbili kabla mtoto wa mbwa hajaanza kutapika na kuharisha damu, na tayari kabla ya dalili hizo anaweza kuwa anavitoa kupitia kinyesi. Katika udongo wenye kivuli virusi hivyo hudumu kwa miezi mingi, hata mwaka, na sabuni ya kawaida haiviui. Dawa ya klorini inayotumika kufulia nguo nyeupe, kipimo kimoja katika vipimo 30 vya maji, huviua ikiachwa juu ya sakafu kwa dakika 10, mradi kinyesi kimeondolewa na sakafu imeoshwa kwanza, kwa sababu klorini hupoteza nguvu ikikutana na uchafu.

Watoto wa mbwa huchanjwa kuanzia wiki ya 6 hadi ya 8, kisha kurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka watimize angalau wiki 16. Marudio haya si njia ya kukusanya ada, kama barua moja iliyotufikia ilivyodai. Kinga ambayo mtoto aliipata katika maziwa ya kwanza ya mama yake huizuia chanjo isifanye kazi, na hakuna anayejua kwa kila mtoto ni siku gani kinga hiyo itaisha, kwa hiyo dozi hurudiwa ili isibaki nafasi wazi. Mlezi anayeruka miadi moja analazimisha ratiba kupangwa upya, na ucheleweshaji huo huandikwa katika jalada lake.

Kuhusu kichaa cha mbwa hatuna nafasi ya kulegeza neno. Takribani asilimia 99 ya maambukizi ya ugonjwa huu kwa binadamu hutokana na mbwa, unakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, na dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Mbwa wa malezi akimng'ata au kumkwaruza mtu kwa meno, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aliyejeruhiwa aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni mlezi mwenyewe na hata kama yeye anauita mkwaruzo mdogo. Kituo kijulishwe ndani ya saa 24. Mbwa atawekwa chini ya uangalizi kwa siku 10, mahali atakapoelekeza daktari wa mifugo, na katika muda huo hatachanjwa, hatahamishwa wala hatauawa bila idhini, kwa kuwa akiwa hai na mzima mwishoni mwa siku hizo itathibitika kwamba mate yake hayakuwa na virusi siku aliyong'ata. Mlezi anayeficha tukio la kung'ata huondolewa kwenye daftari la walezi moja kwa moja, na taarifa hupelekwa kwa mamlaka ya afya. Adhabu hii haina onyo la kwanza.

Jambo jingine linalohitaji tahadhari ni chakula cha mbwa aliyekonda sana. Huruma humsukuma mlezi kumjazia sahani. Mwili uliokaa muda mrefu bila chakula ukipewa kingi ghafla huvuruga madini ya damu, hasa fosfeti na potasiamu, na moyo unaweza kusimama siku chache baada ya mbwa kuonekana ameanza kupata nafuu. Ndiyo maana karatasi ya lishe inayotolewa pamoja na mbwa hutaja gramu kwa kila mlo, na milo yenyewe huwa midogo na mingi.

Siku za mwanzo ndizo ambazo mbwa hutoroka zaidi. Asifunguliwe kamba nje hata kama uwanja una ukuta, na sherehe ya kumkaribisha isubiri. Akitoroka, piga simu kituoni mara moja, kabla ya kuanza kumtafuta. Tumewahi kuarifiwa siku ya tatu na mlezi aliyesema hakutaka kutusumbua.

Mkataba unaweza kuvunjwa na upande wowote. Mlezi anayeshindwa hutoa taarifa ya siku 7, isipokuwa kwa ugonjwa au hatari, ambapo mbwa hupokelewa siku hiyo hiyo, na kurudisha mbwa kwa utaratibu hakuhesabiwi kuwa kosa. Kosa ni kumkabidhi kwa jirani, kwa ndugu au kwa mtu aliyepatikana mtandaoni. Mlezi wa namna hiyo hutakiwa kumrejesha mbwa ndani ya saa 48, kulipia matibabu yatakayokuwa yamesababishwa na uhamisho huo, na kusimamishwa kulea. Asipomrejesha, suala huchukuliwa kuwa ni kuzuia mali iliyo chini ya dhamana na hupelekwa polisi. Anayetaka kubaki na mbwa aliyemlea ana njia iliyo wazi: ajaze fomu ya kuasili kama mwombaji mwingine yeyote kabla familia nyingine haijathibitishwa, na ombi lake litatangulizwa. Mbwa atahasiwa, au kufungwa kizazi akiwa jike, kabla ya kukabidhiwa, na sharti hili halina msamaha, kwa kuwa jike hubeba mimba kwa siku 63 hivi tu na hatutaki kumpokea mbwa yule yule mlangoni akiwa na watoto 8.

Wasioweza kulea wanaweza kusaidia kwa namna nyingine. Taulo kuukuu, mablanketi, magazeti, sabuni na fedha vyote hutumika. Mifupa iliyopikwa haipokelewi, kwa kuwa huvunjika vipande vyenye ncha kali, wala mabaki ya vyakula vyenye vitunguu, zabibu au chokoleti. Dawa za maumivu za binadamu zisiletwe, na zisitumike nyumbani pia, kwani ibuprofeni hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo zake. Anayechanga fedha ana haki ya kupewa stakabadhi na kuuliza zimetumikaje, na kituo kinachokataa wageni wakati wote hakina budi kueleza sababu, ingawa baadhi ya maeneo, kama chumba cha wagonjwa, hufungwa kwa haki kabisa. Kumfunga mbwa kwenye lango usiku na kuondoka si msaada. Mbwa huyo hufika bila historia ya chanjo, bila umri, bila jina, na hulazimika kusubiriwa kama aliyepotea wakati ambapo saini moja ya mwenyewe ingemfungulia njia ya kuasiliwa mapema.

Walezi ambao muda wa mkataba wao umekwisha na bado wanakaa na mbwa, pamoja na wale waliokwisha kuwakabidhi wengine, wafike katika kituo kilichowapa mbwa wakiwa na kadi ya chanjo, mkanda wa shingoni wenye kibati cha utambulisho na nakala ya mkataba. Atakayejitokeza mwenyewe kabla ya kuandikiwa barua hatasimamishwa, na kama mbwa anaendelea vizuri mahali alipo, aliyenaye sasa ataruhusiwa kujaza fomu ya kuasili siku hiyo hiyo, baada ya nyumba yake kukaguliwa.