Amplifaya yenye DAC si lazima iwe "amplifaya ya dijitali"

Anayetafuta amplifaya ya bei nafuu ya kuunganisha na runinga au kompyuta hakosi kuambiwa, "Chukua ya dijitali." Ushauri huu umewaingiza wengi hasara, kwa sababu unachanganya vitu viwili visivyohusiana: kuwa na kigeuzi cha dijitali (DAC) ndani, na kuwa amplifaya ya aina iitwayo daraja D.

Amplifaya unganifu ni boksi moja lenye kazi mbili: kuchagua chanzo cha sauti na kurekebisha volyumu, kisha kuipa sauti hiyo nguvu ya kusukuma spika. DAC ni kigeuzi kinachopokea namba kutoka kwenye kompyuta, runinga au kicheza CD na kuzifanya volti zinazopanda na kushuka kama wimbi la sauti. Kigeuzi kikiwa ndani ya amplifaya, unachomeka kebo ya dijitali moja kwa moja. Basi.

Kinachowapoteza watu ni maandishi "Daraja D" kwenye boksi. D hiyo si ya dijitali. Wahandisi walikuwa wameshatumia A, B na C kutaja aina za amplifaya, na mpya ilipokuja wakaipa herufi iliyofuata. Ndani yake transista huwashwa na kuzimwa mara laki kadhaa kwa sekunde, upana wa kila pigo ukifuata kimo cha wimbi la muziki, halafu koili na kapasita hulainisha mapigo hayo kabla hayajafika kwenye spika. Kwa kuwa ni kuwasha na kuzima, watu hudhani ni dijitali. Lakini katika amplifaya nyingi za aina hii upana wa pigo unaweza kuwa wowote. Hakuna namba iliyoandikwa popote. Sifa yake halisi ni kutopoteza umeme mwingi kwa joto, maana ufanisi wake hufikia kama asilimia 90. Ndiyo maana boksi huwa dogo na jepesi.

Tazama mifano hii. Yamaha A-S301 ni ya daraja AB, yaani aina isiyotumia kuwasha na kuzima, nzito, ina transfoma kubwa, na bado ina kigeuzi ndani. NAD D 3020 ya mwaka 2013 ni ya daraja D na ina kigeuzi pia. Halafu kuna viboksi vingi vidogo vya daraja D vyenye matundu mawili tu ya kuingiza sauti nyuma, jekundu na jeupe. Hivyo havipokei kebo yoyote ya dijitali, hata kama vimeandikwa dijitali kwa herufi kubwa.

Kwa hiyo igeuze amplifaya utazame mgongo. Tundu la optiki ni la mraba, lina kifuniko kidogo, na ncha ya kebo yake hutoa mwanga mwekundu. Hilo ndilo la runinga. Kompyuta kwa kawaida huhitaji tundu la USB la aina B, lile linalokaribia mraba. USB bapa ya mbele mara nyingi ni ya flashi, au ya kuchaji tu. A-S301 niliyoitaja ina optiki na koaksia (tundu la duara la kebo ya dijitali), ila haina USB ya kompyuta, hivyo kusema "ina DAC" pekee hakutoshi. Na ukishaunganisha runinga kwa optiki ukapata kimya au mkwaruzo, ingia kwenye mipangilio ya sauti ya runinga uchague PCM, yaani sauti ya dijitali isiyobanwa. Vigeuzi vya amplifaya za stereo kwa kawaida havisomi Dolby, mfumo wa sauti iliyobanwa unaotumika kwenye filamu na runinga.

Namba kubwa za kigeuzi kama biti 32 (ukubwa wa kila namba) na kilohezi 384 (sampuli, yaani vipimo vya wimbi, 384,000 kwa sekunde) zisikuvute mfukoni. CD imekuwa ikitumia biti 16 na sampuli 44,100 kwa sekunde tangu 1982, na kiwango hicho kinabeba sauti za hadi hezi (mitetemo kwa sekunde) 20,000, ukomo wa sikio zuri la binadamu. Fedha iliyobaki iongeze kwenye spika. Hata wati zisikutie wazimu: kuziongeza maradufu hukupa desibeli 3 tu, ongezeko dogo la sauti.

Mtu akikwambia anataka amplifaya ya dijitali, usimkatize. Muulize kwa upole anataka kuchomeka nini, kisha mwonyeshe tundu lake.