Kabla ya Kumwita Mtoto "wa Kusikia" au "wa Kuona"

Katika mafunzo ya walimu kazini tunayoendesha hapa Dar es Salaam, swali moja halikosekani: "Mkufunzi, darasani nina watoto zaidi ya tisini. Nitawajuaje wanaojifunza kwa kuona, kwa kusikia na kwa kutenda, ili kila mmoja nimpe kifaa kinachomfaa?"

Ni swali la mwalimu anayewajali wanafunzi wake, na ndiyo maana ninalijibu bila kuzunguka: usiwagawe.

Habari ya mitindo ya kujifunza imeenea sana, hasa baada ya Neil Fleming wa New Zealand kutoa, mwanzoni mwa miaka ya 1990, dodoso lake la VARK, linalouliza mtu hupenda kujifunza kwa kuona, kusikia, kusoma na kuandika, au kutenda. Kwamba watoto wana njia wanazozipenda, hilo ni kweli. Lakini mwaka 2008 mwanasaikolojia Harold Pashler na wenzake watatu walizipitia tafiti zilizokuwapo, na hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba mtoto akifundishwa kwa mtindo anaoupenda ndipo huelewa zaidi. Kupenda ni jambo moja, kuelewa ni jingine.

Njia huamuliwa na mada. Mkondo wa Mto Rufiji lazima uonekane kwenye ramani. Matamshi ya neno la Kiingereza lazima yasikike. Kupima pembe hakufundishiki mpaka mtoto ashike kipimapembe mwenyewe. Watoto wote tisini wanahitaji vyote hivyo, na hapo ndipo teknolojia inapotusaidia: kuipitisha mada moja katika milango kadhaa, kwa darasa zima.

Chukua mada ya mzunguko wa damu. Walimu wengi wana vishikwambi, vikiwemo vile vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022 kisha wakagawiwa. Shule ikiwa na projekta, onyesha video fupi ya moyo unavyosukuma damu, lakini kwanza zima sauti. Isimamishe katikati na uulize: damu hii sasa inaelekea wapi? Waache wabishane. Kisha irudie ukieleza kwa maneno yako. Baada ya hapo kila mtoto aweke vidole kwenye kifundo cha mkono, ahesabu mapigo kwa nusu dakika, arukeruke kidogo, ahesabu tena. Namba zao ziandikwe ubaoni na kuchorwa grafu. Umeme ukikatika, video ndiyo inayokosekana. Mapigo yapo.

Tahadhari kwa wanaoandaa slaidi. Utafiti wa mwanasaikolojia wa elimu Richard Mayer umeonyesha kuwa picha pamoja na maelezo hufundisha kuliko maneno matupu, na pia kwamba mapambo huvuruga. Muziki wa nyuma, katuni zisizohusiana na mada, aya ndefu ukutani ambayo mwalimu anaisoma neno kwa neno: vyote hivyo vinapunguza uelewa. Weka mchoro, weka maneno machache ya msingi, kisha zungumza.

Kwa kidato cha kwanza, tofauti kubwa ninayoikuta ni ya lugha. Mtoto aliyesoma miaka saba kwa Kiswahili anakutana na Fizikia kwa Kiingereza, anakaa kimya, naye anaandikwa kuwa mzito. Huyu msaidie kwa simu yako ya kawaida. Rekodi dakika tano ukitamka istilahi za wiki na kuzifafanua kwa lugha zote mbili, kisha wape wanafunzi kwa memori kadi, maana bando si la kila nyumba. Jioni mzazi akirudi kutoka kazini, mtoto ataomba simu, atasikiliza, atasimamisha, atarudia. Darasani hakuna anayethubutu kukuomba urudie mara ya nne.

Kujua nani ameelewa hakuhitaji simu tisini. Zipo programu zinazotumia kadi za karatasi zenye alama: mtoto anaizungusha kadi kuonyesha jibu A, B, C au D, nawe unapitisha kamera ya simu yako juu ya darasa na kuyaona majibu ya wote. Hata yule ambaye hanyooshi mkono kamwe, jibu lake unalo.

Sasa nifike kwenye jambo linalonikosesha usingizi. Mtoto anayeitwa "wa kuona" kwa sababu hafuati maelezo ya mdomo, huenda masikio yake yametoa usaha tangu utotoni na hasikii vizuri. Anayechukia kusoma, huenda anahitaji miwani. Ukimbandika jina la mtindo, umeshafunga uchunguzi. Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko, hapa hapa jijini, imesomesha wasioona pamoja na wanaoona, na leo simu nyingi zina uwezo wa kukuza herufi au kusoma maandishi kwa sauti. Nyenzo zipo, lakini sharti kwanza tujue ni nani anayezihitaji.

Kwa hiyo simama nyuma ya mtoto, asione midomo yako, umwite kwa sauti ya chini. Asipogeuka, jaribu tena siku nyingine. Hali ikiwa ile ile, mwite mzazi umweleze kwa upole, ampeleke hospitali ya wilaya akapimwe. Wakati majibu yakisubiriwa, mhamishie dawati la mbele, zungumza ukimtazama, na maelezo ya kila video mpe yakiwa yameandikwa kwenye karatasi.